Kazi ya Mashine Ifanywe na Mashine: Omron Tangu Karakana ya Osaka

Tarehe 10 Mei 1933 fundi umeme wa miaka 32, Kazuma Tateishi, alifungua karakana yake mjini Osaka, Japani. Alikuwa na bidhaa moja ya kutegemea: kifaa cha kuwasha na kuzima mashine ya eksirei kwa muda uliopimwa barabara, hadi sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Karakana ile ndiyo leo kampuni ya Omron ya Kyoto, yenye wafanyakazi zaidi ya 20,000 na wateja katika nchi zaidi ya 100. Huku kwetu jina lake linasomeka kwenye vipimo vya presha vilivyopo katika zahanati, maduka ya dawa na makabati ya wazee wetu. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi yake mnunuzi wa kawaida haioni. Imo ndani ya viwanda: sensa inayohesabu chupa zinapopita, rilei inayowasha mota, kidhibiti kinachoamua kama mkanda usimame au uendelee.

Historia ya kampuni hii inatuhusu kwa sababu inagusa swali ambalo viwanda vyetu vimeanza kuulizwa: mashine ikiingia, mtu anakwenda wapi? Tateishi alikuwa na jibu lake mapema, akaliweka katika msemo ambao wafanyakazi wake wanaurudia hadi sasa, kwamba kazi inayowezwa na mashine ifanywe na mashine, na binadamu abaki na furaha ya kubuni. Ni rahisi kusema hivyo. Kampuni hii imejaribiwa kwa maneno hayo mara nyingi, na matokeo hayakuwa sawa kila mara.

Tateishi alizaliwa mwaka 1900 Kumamoto, kisiwa cha Kyushu, katika familia iliyotengeneza vikombe vya kauri. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, biashara ikadorora, na kijana akasambaza magazeti asubuhi ili nyumba ipate kitu. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi cha Kumamoto, akamaliza mwaka 1921. Baada ya kazi ya serikali katika mkoa wa Hyogo aliajiriwa na kampuni ya Inoue, ambako alijifunza jambo lililokuja kuwa mtaji wake wa maisha: rilei za kulinda njia za umeme. Rilei ni swichi inayojiamulia. Umeme ukizidi kiasi, sahani ndogo ndani yake huzunguka kwa nguvu ya sumaku na kukata mkondo kabla transfoma haijaungua. Hakuna mtu anayesimama pale kuangalia. Fikra nzima ya otomatiki imo humo, katika chombo kinachopima, kinachoamua na kinachotenda.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika Japani aliacha kazi na kuanza kujitegemea mjini Kyoto mwaka 1930. Alitengeneza kibanio cha kunyooshea suruali na kifaa cha kunolea visu, akawa anazunguka na baiskeli kuviuza. Biashara haikumtajirisha. Kilichomwokoa ni rafiki aliyemwambia kwamba hospitali zina shida na vipima muda vya eksirei. Picha ya kifua inataka mwanga wa kufumba na kufumbua. Moyo hausimami kusubiri, na muda ukizidi picha inaharibika. Vifaa vilivyokuwapo havikuaminika. Tateishi alichukua elimu yake ya rilei akaihamishia kwenye eksirei, kikapatikana kifaa kilichofanya kazi. Kwa agizo la kampuni ya Osaka iliyouza mashine za eksirei alihamia mji huo, na hivyo ndivyo taasisi tunayoizungumzia ilivyozaliwa.

Mwaka uliofuata, Septemba 1934, tufani iliyoitwa Muroto ilipiga Osaka. Maji ya bahari yaliingia mjini, watu wengi wakafa, na mitambo ya umeme ikaharibika. Viwanda na vituo vya umeme vilihitaji rilei mpya kwa haraka, na Tateishi alikuwa mmoja wa wachache walioweza kuzitengeneza. Maagizo yalikuja mengi kiasi kwamba ilimbidi ajenge kiwanda kikubwa zaidi Nozato, mjini humo humo, mwaka 1936. Wanaosimulia historia za kampuni hupenda kuuita wakati kama huo bahati. Mimi naona bahati hiyo ilimkuta mtu aliyekwisha kujua rilei kwa zaidi ya miaka kumi.

Vita vilibadilisha mwelekeo. Taasisi ya utafiti wa ndege ya Chuo Kikuu cha Tokyo ilimwomba atengeneze swichi ndogo za usahihi wa hali ya juu, za aina iliyokuwa ikitengenezwa Marekani. Hakuwahi kuiona moja kwa macho yake, ila alikubali, na mwaka 1943 akafanikiwa kutoa swichi ndogo za kwanza zilizotengenezwa Japani. Ni kipande kidogo kinachotoshea kiganjani: ukikigusa kidogo tu, chuma chembamba ndani yake hufyatuka na kuunganisha umeme mahali pale pale, mara elfu kwa elfu. Wakati ule kilikusudiwa ndege za kivita. Baadaye kikaingia kwenye mashine za kufulia, lifti, mashine za kuuza vinywaji na mikanda ya kuunganishia magari. Bidhaa iliyolisha kampuni kwa miongo kadhaa ilitokana na agizo la vita, na historia ya uaminifu haina budi kulitaja hilo.

Mabomu ya mwaka 1945 yaliteketeza kiwanda cha Osaka. Kilichobaki ni tawi dogo la Kyoto lililokuwa limefunguliwa katika studio ya zamani ya filamu, kwenye mtaa wa Omuro, karibu na hekalu la Ninna-ji. Makao makuu yakahamia hapo. Miaka kadhaa baadaye jina la mtaa huo ndilo lililozaa jina la biashara la Omron.

Baada ya vita watu wa Japani walikuwa na njaa, na hakuna aliyetaka rilei. Kampuni ilitengeneza chochote kilichoweza kuuzika, hata vyuma vya kutengenezea nywele. Kisha serikali ikahitaji vifaa vya kuzuia nyumba zisitumie umeme kupita mgao, na kampuni ikapata nafuu. Mwaka 1948 ikasajiliwa kuwa kampuni ya hisa. Nafuu ile haikudumu. Mwaka 1949 sera kali ya kubana matumizi, iliyoletwa na mshauri wa uchumi wa Kimarekani Joseph Dodge, ilikausha fedha nchini. Maagizo ya serikali yalifutwa, wafanyakazi wakagoma, na kampuni ikabaki na watu 33 kati ya 250. Mwaka 1950 mkewe Tateishi alifariki na kumwachia watoto saba. Mwanamume wa miaka 50, mjane, mwenye madeni na karakana ndani ya studio ya filamu: hapo ndipo ilipokuwa kampuni wakati wazo kubwa lilipofika.

Wazo lilikuja mwaka 1952. Yoichi Ueno, msomi aliyeijulisha Japani sayansi ya uongozi wa kazi, alimweleza Tateishi habari za otomatiki iliyokuwa ikianza katika viwanda vya Marekani. Wakati huo huo Tateishi alisoma kuhusu saibanetiki, elimu iliyoasisiwa na mwanahisabati Norbert Wiener katika kitabu chake cha mwaka 1948, inayochunguza jinsi mnyama na mashine wanavyojirekebisha kwa kupokea taarifa za matendo yao wenyewe. Kwa mtengenezaji wa kawaida haya yangekuwa mambo ya chuo kikuu. Tateishi alitambua mara moja kwamba kiwanda kinachojiendesha kitahitaji swichi na rilei kwa mamilioni, na kwamba swichi hizo zitapaswa kuwa na akili zaidi ya zile alizokuwa nazo. Mwaka 1953 alisafiri hadi Marekani kuona kwa macho yake. Alirudi na mambo mawili: hakika kwamba otomatiki itafika Japani, na mshangao juu ya namna kampuni bora za kule zilivyojihesabu kuwa watumishi wa jamii.

Mwaka 1955 aliigawa kampuni katika viwanda vidogo vinavyojitegemea, kila kimoja na meneja wake anayeshughulikia uzalishaji na watu wake, huku makao makuu yakibeba fedha, manunuzi na utafiti. Meneja wa kiwanda cha watu hamsini anamjua kila mmoja kwa jina na anaona tatizo siku linapotokea. Kampuni ilikua kwa kasi chini ya utaratibu huo.

Mwaka huo huo aliwapa wahandisi saba vijana kazi iliyoonekana haiwezekani. Swichi ndogo za kawaida zilikuwa na kasoro moja ya kimaumbile: chuma kinagusa chuma, na kila mguso unaacha cheche na mkwaruzo. Katika kiwanda cha magari kilichoanza kujiendesha, swichi moja ilifunga na kufungua mara nyingi mno kwa siku, ikachakaa upesi, na mkanda wote ukasimama kwa ajili ya kipande cha bei ndogo. Tateishi alitaka swichi isiyogusa kitu. Jibu lilikuwa transista, kitu kigeni na ghali wakati huo. Vijana wale walihangaika kwa miaka mitano, wakashindwa na kurudia, hadi mwaka 1960 walipoionyesha swichi isiyo na mguso, inayotambua chuma kinapoisogelea bila kukigusa. Sensa nyingi zilizomo katika viwanda vya leo ni wajukuu wa swichi hiyo, ziwe zimetengenezwa na Omron au na washindani wake.

Katika mwaka huo huo wa 1960 Tateishi alijenga maabara kuu ya utafiti Nagaokakyo, nje kidogo ya Kyoto. Gharama yake ilikuwa yen milioni 280, na mtaji wa kampuni ulikuwa yen milioni 70. Yaani mara nne. Benki na washauri walikuwa na haki ya kuogopa. Sijui kiongozi wa kiwanda chochote cha ukubwa ule katika nchi zetu ambaye leo angethubutu jambo hilo, na siwalaumu, kwa kuwa mikopo yetu haikupangwa kwa ajili ya maabara. Hata hivyo kila kilichofuata katika hadithi hii kilitoka kwenye jengo lile.

Mwaka mmoja kabla ya maabara, tarehe 10 Mei 1959, aliwasomea wafanyakazi wito wa kampuni: kwa kazi yetu tuyaboreshe maisha yetu na tuijenge jamii iliyo njema zaidi. Miaka mitatu kabla ya hapo chama cha viongozi wa biashara cha Japani, Keizai Doyukai, kilikuwa kimetangaza kwamba kampuni ni chombo cha umma na ina wajibu kwa jamii. Wengi walilipigia makofi tamko lile. Tateishi alilihesabu kuwa agizo la kazi, akaanza kuuliza ni usumbufu gani wa maisha ya kila siku ambao otomatiki ingeuondoa nje ya kuta za kiwanda.

Majibu yalimiminika katika miaka ya 1960. Mwaka 1963 duka kubwa la Daimaru la Kyoto lilifungiwa mashine ya kuuza tiketi za chakula za aina mbalimbali, iliyokagua sarafu na kurudisha chenji. Mwaka 1964, katika barabara za Kyoto, ziliwekwa taa za kuongozea magari zilizobadilika kufuatana na wingi wa magari yaliyotambuliwa na sensa, badala ya kufuata saa. Dereva aliyewahi kusimama kwenye taa nyekundu za Ubungo au Nairobi huku upande wa pili hakuna hata gari moja anajua thamani ya jambo hilo.

Lililo kubwa kuliko yote ni lango la tiketi. Miji ya Japani ilikuwa ikijaa, na asubuhi vituo vya treni vilikuwa mafuriko ya watu. Kwenye kila lango alisimama mfanyakazi akikagua na kutoboa tiketi, moja baada ya nyingine, mchana kutwa. Kampuni ya reli ya Kintetsu ilianza kulitafutia tatizo hilo ufumbuzi pamoja na Chuo Kikuu cha Osaka na Omron mwaka 1964. Ugumu ulikuwa katika vitu vidogo. Pasi ya mwezi ina taarifa za safari nzima na lazima isomwe huku abiria anatembea. Mtu mwenye haraka anaisukuma tiketi kwa upande, na mashine inakwama. Inasimuliwa kwamba mhandisi mmoja wa Omron, akiwa amepumzika kando ya kijito, aliona jani likielea, likagonga jiwe, likageuka na kuendelea likiwa limenyooka. Aliporudi kazini aliweka kizuizi kidogo ndani ya njia ya tiketi: tiketi iliyoingia kwa upande ilikigonga, ikageuka, ikanyooka. Tatizo lilikwisha.

Machi 1967 kituo cha Kitasenri cha reli ya Hankyu, katika mji mpya wa Senri kaskazini ya Osaka, kilifunguliwa kikiwa na malango yanayojiendesha na mashine za kuuza tiketi. Ndicho kituo ambacho kampuni inakitaja kuwa cha kwanza duniani cha namna hiyo. Mwaka 2007 taasisi ya wahandisi wa umeme ya kimataifa, IEEE, iliutambua mfumo huo kuwa hatua ya kihistoria ya uhandisi, ikizitaja pamoja Omron, Kintetsu, Hankyu na Chuo Kikuu cha Osaka. Ninaipenda sehemu hii kuliko nyingine katika historia ya Omron kwa sababu kazi iliyoondolewa ilikuwa kweli ya kuchosha. Hakuna mzazi anayemwombea mwanawe maisha ya kutoboa karatasi kwa miaka thelathini. Msemo wa Tateishi ulipata mwili wake Kitasenri.

Miaka michache baadaye ilitokea hasara kubwa. Omron iliingia kwenye biashara ya vikokotozi vya mezani, na mwaka 1971 ikatoa kimoja kwa yen 49,800, takriban nusu ya bei ya washindani. Kiliuzwa vizuri kwa muda mfupi. Mwaka 1972 Casio ikatoa kikokotozi kidogo cha yen 12,800, na vita vya bei vikaua kampuni nyingi. Mtikisiko wa mafuta wa mwaka 1973 ulipofika Omron ilikuwa imeelemewa, ikalazimika kujitoa. Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa la ufundi, maana kikokotozi chenyewe kilikuwa kizuri. Kampuni iliyokuwa imezoea kutafuta shida isiyo na jibu iliingia mahali ambapo kila mtu alikwisha kuwa na jibu, na kilichobaki kilikuwa kushushiana bei.

Kwenye viwanda ilikuwa na busara zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Dick Morley na wenzake huko Marekani walibuni kidhibiti kinachopangwa kwa programu, ambacho mafundi wetu wanakijua kwa herufi tatu, PLC. Kabla yake mtambo mkubwa uliongozwa na kabati zima la rilei mamia kwa mamia. Ukitaka kubadili utaratibu wa kazi ulilazimika kufungua nyaya na kuziunga upya kwa siku kadhaa. PLC inafanya yote hayo kwa programu. Kwa kampuni iliyoishi kwa kuuza rilei hii ilikuwa habari ya kutisha. Omron ilichagua kutengeneza yenyewe chombo kilichopunguza soko la bidhaa yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitoa vidhibiti vya kwanza vya jina la SYSMAC. Jina hilo linaendelea kuuzwa hadi leo. Kampuni nyingi zilizosita katika hatua hiyo zimesahauliwa.

Mwaka 1972, mjini Beppu katika mkoa wa Oita, lilifanyika jambo ambalo hesabu za mauzo hazilionyeshi. Daktari wa mifupa Yutaka Nakamura, aliyekuwa nguzo ya michezo ya Paralimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, alikuwa ameanzisha taasisi ya Taiyo no Ie ili watu wenye ulemavu waishi kwa kazi yao badala ya kuishi kwa hisani. Alibisha hodi kwenye kampuni nyingi, nyingi zikamkatalia. Tateishi alikubali, na kwa pamoja wakaanzisha kiwanda cha Omron Taiyo, ambamo wafanyakazi wenye ulemavu walitengeneza vipuri vya rilei. Meza zilishushwa au kuinuliwa kumfuata mtu. Vifaa vya kushikia vipuri vilibuniwa kwa mwenye mkono mmoja. Mashine ikaongezewa kile ambacho mwili wa mfanyakazi haukuwa nacho. Mwaka 1985 kikaanzishwa kingine Kyoto. Otomatiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya kumtoa mtu kazini. Kule Beppu ilimwingiza mtu aliyekuwa amefungiwa nje. Viwanda hivyo bado vinafanya kazi, na ningependa kila chuo chetu cha ufundi kiwafundishe wanafunzi wake habari zake kabla ya kuwafundisha roboti.

Sambamba na viwanda Tateishi alikuwa na shauku ya afya. Aliamini mwili nao unajirekebisha kwa taarifa, kama mtambo, na kwamba mtu anaweza kuupima mwenyewe. Mwaka 1973 kampuni ilitoa kipimo chake cha kwanza cha presha, na vile vya dijitali vikafuata. Madaktari wengi hawakupenda mgonjwa ajipime nyumbani. Kilichobadilisha mambo ni utafiti wa muda mrefu ulioanza katika miaka ya 1980 katika mji mdogo wa Ohasama, mkoa wa Iwate, ukiongozwa na Yutaka Imai wa Chuo Kikuu cha Tohoku. Familia zilipewa vipimo vya Omron, zikajipima asubuhi baada ya asubuhi, na watafiti wakazifuatilia kwa miaka. Ilidhihirika kwamba presha ya nyumbani inatabiri kiharusi na vifo vizuri kuliko ile inayopimwa kliniki, ambako mtu ana hofu ya koti jeupe. Kiwango cha 135 kwa 85, ambacho miongozo mingi ya dunia inakitumia kutambua presha ya juu kwa vipimo vya nyumbani, kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi ya Ohasama. Bibi wa Tanga au Mombasa anayefunga kitambaa mkononi asubuhi kabla ya chai na kuandika namba kwenye daftari la kliniki ananufaika na subira ya wakulima wale wa Iwate. Kufikia mwaka 2021 Omron ilikuwa imeuza vipimo vya presha zaidi ya milioni 300.

Tukirudi nyuma kidogo, mwaka 1970, katika mkutano wa kimataifa wa watafiti wa mambo ya baadaye uliofanyika Kyoto, Tateishi aliwasilisha nadharia aliyoiita SINIC. Alidai kwamba sayansi, teknolojia na jamii husukumana kwa mzunguko: sayansi inazaa ufundi, ufundi unabadili jamii, na mahitaji ya jamii yanaisukuma sayansi. Kwa hesabu hiyo alitabiri jamii ya otomatiki, kisha jamii ya habari, kisha kipindi cha kusawazisha mambo ambacho kingeishia karibu na mwaka 2025, na mbele yake jamii ya watu wanaojiongoza wenyewe. Kompyuta za nyumbani zilikuwa bado hazijaenea. Unaweza kubishana na tarehe zake, na binafsi sidhani historia ya binadamu inafuata ratiba. Faida ya nadharia ile ni kwamba ililazimisha kampuni kuuliza kila mara jamii inakwenda wapi, hata pale hesabu za robo mwaka zilipotaka swali jepesi zaidi.

Upanuzi wa nje ya Japani ulifuata: ofisi na viwanda Marekani, makao ya Ulaya nchini Uholanzi, Singapore kwa Asia, na mwaka 1991 kiwanda cha vifaa vya afya Dalian, China. Ukubwa ulileta uzito. Mwanzoni mwa mwaka 1983 Tateishi, akiwa na miaka 82, alisimama mbele ya viongozi wenzake akasema kampuni imeugua ugonjwa wa makampuni makubwa: maamuzi yanachelewa, vikao vinazidi, mteja amesahauliwa. Aliwataka warudi kwenye vitengo vidogo kama vile vya mwaka 1955. Waasisi wengi wakiwa na umri huo husimulia sifa zao. Januari 1990 kampuni ilichukua rasmi jina la Omron, na Januari 1991 mwasisi akafariki.

Uongozi ulikuwa umekwisha kupita kwa wanawe, Takao mwaka 1979 na Yoshio mwaka 1987. Yoshio alifariki mwaka 2020 kwa ugonjwa wa UVIKO-19. Mwaka 2003 familia ilikabidhi usukani kwa Hisao Sakuta, rais wa kwanza asiye wa ukoo, na tangu hapo wakafuata Yoshihito Yamada na, kuanzia 2023, Junta Tsujinaga. Mwaka 2015 Omron iliinunua Adept, kampuni ya roboti ya Marekani, na tangu mwaka 2013 imekuwa ikionyesha roboti ya kucheza tenisi ya mezani iitwayo Forpheus, inayosoma mwili wa mchezaji na kumrudishia mpira kwa kiwango kitakachomfanya aimarike. Roboti ile imepangwa kumfundisha mtu, kumshinda si shabaha yake, na hilo linalingana kabisa na alichokiamini mwasisi.

Kisha ukaja mwaka 2024. Soko la otomatiki ya viwandani, hasa China, lilikuwa limeanguka, maghala ya wasambazaji yakajaa bidhaa, na Februari Omron ikatangaza kupunguza watu wapatao 2,000, nusu yao Japani. Kampuni iliyoahidi kwamba mashine itamwachia mtu kazi iliyo bora iliwaambia watu 2,000 kwamba haina kazi kwao. Sidhani jambo hilo linafuta yaliyotangulia, kwa kuwa mwaka 1949 hali ilikuwa mbaya zaidi na kampuni ikainuka. Lakini sikubali kwamba lipite kama tukio la kihasibu. Taasisi iliyoandika wito wake mwaka 1959 inapimwa kwa wito huo siku za shida zaidi kuliko siku za sherehe, na kwa kipimo hicho mwaka 2024 ni doa.

Kwetu sisi vidhibiti na sensa za namna hii vinaingia kila mwaka katika viwanda vya saruji, vinywaji, sukari na unga, kutoka Omron na kwa washindani wake. Mara nyingi fundi wa kigeni huja, huufunga mtambo, huondoka na nywila ya programu, na wafanyakazi waliokuwapo hubaki wakiutazama tu. Wanaosaini mikataba hiyo kwa niaba ya viwanda vya Tanzania, Kenya na Uganda waweke ndani yake kifungu cha kuwafundisha wafanyakazi waliopo kuupanga na kuutengeneza mtambo, na wadai nakala ya programu ikabidhiwe kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.